Niliihoji Biblia kama Mwizi, Nami Nikahojiwa Vivyo Hivyo

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanililia bure kabla hujanijua vizuri. Nimetolewa kwenye shamba la marehemu mume wangu, mimi na mtoto wangu mdogo Mwende, na kisu kilichotumika nilikinoa mimi mwenyewe. Nikakitia makali, nikamkabidhi shemeji yangu, nikamwonyesha hata pa kukatia.

Usinipe pole. Nina hasira, na pole inaniongezea.

Majina nitakayoyataja si ya kweli. Hayo mengine yote ni ya kweli.

Mimi ni mtu wa upande wa Kwa Vonza, huko chini kwenye joto, ambako mzee akiamka anahesabu mbuzi kwanza halafu watoto. Nilisoma mpaka Fomu Foo, mwisho wa sekondari. Wakati huo, kwetu, msichana wa Fomu Foo alikuwa kitu cha kuitwa sebuleni na kuonyeshwa wageni.

Mwaka wa mwisho tulipata mwalimu wa somo la dini, kijana mkavu, asiyecheka. Huyu hakutuhubiria hata siku moja. Alituambia Biblia ni maandishi ya kale, na maandishi ya kale yanaulizwa maswali. Aliyeandika ni nani? Aliona kwa macho yake au aliambiwa? Aliandika baada ya muda gani? Na wenzake walioandika habari hiyo hiyo, wanapatana naye?

Jamani, nilipenda! Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa nifumbe macho niseme amina, na sasa mtu mwenye chaki mkononi ananiambia nifumbue niulize. Yale maswali niliyashika kama wimbo wa harusi.

Mwalimu alisema pia namna ya kuyapima majibu. Nakumbuka alisema, tena siku nzima. Lakini mimi nilikuwa nimeshashiba. Utamu ulikuwa kwenye kuuliza. Kupima niliona ni kazi ya watu wasio na haraka.

Nikaolewa Mbooni, huko milimani, nyumba iliyo juu ya Kikima. Mume wangu, Mutua, alikuwa amepewa na babake matuta ya juu, yenye kahawa, maharagwe na miti ya ovakado, na pembeni chemchemi. Wewe ambaye umezaliwa kwenye maji huwezi kunielewa. Kwa mtu wa Kwa Vonza, maji yanayotoka ardhini bila kuchimbwa ni muujiza mkubwa kuliko yote yaliyoandikwa kwenye Biblia. Siku ya kwanza nilikaa pale nikayaangalia tu, mpaka Mutua akanicheka: “Hayaishi, wewe! Hata ukienda kulala yanaendelea.”

Kanisani hatukufunga ndoa. Tulisema tutafunga baadaye, kahawa ikikubali. Lakini alinioa kwa desturi, akaleta ntheo. Kwa msiojua, ntheo ni mbuzi ambao upande wa mume hupeleka kwao msichana. Mmoja anachinjwa hapo hapo, watu wa pande zote mbili wanakula, na kuanzia nyama hiyo wewe ni mke. Bila ntheo, hata uzae watoto wajae nyumba, wewe ni mgeni tu aliyekaa sana.

Na msichana mwenyewe hatoki nje kuwaangalia hao mbuzi. Mimi nilikuwa jikoni na wenzangu. Nilisikia mlio, nikanusa nyama, basi. Ntheo yangu mwenyewe sikuiona kwa macho yangu! Shika hilo, utalihitaji.

Sasa nikuambie habari ya mama mkwe wangu. Kwetu unamwita mwaitu, yaani mama, nami nilimwita hivyo. Mwaitu hajui kusoma hata herufi moja, lakini kila Alhamisi kina mama walikusanyika nyumbani kwake kusoma Neno. Kabla sijaja walimngoja mwinjilisti wa kanisa, na huyo alikuja siku akipenda. Nilipofika na Fomu Foo yangu, Mwaitu aliwatangazia wenzake, “Sasa tumepata macho.” Akaniwekea kiti pekee chenye mgongo mle ndani. Yeye akakaa kwenye kigoda.

Nikawa nawasomea. Na kitu kimoja kilinikera sana: nikiruka mstari, alijua! “Umeruka mahali, Mama Mwende,” anasema polepole, akiendelea kuchambua maharagwe. Narudi nyuma, kweli nimeruka. Mtu asiyejua herufi ananisahihisha mimi mbele ya watu! Nilianza kutafuta siku ya kumwonyesha.

Nikaipata wiki ya Pasaka. Hata mwinjilisti alikuwapo. Shemeji yangu Kioko, ndugu mdogo wa Mutua, alikuwa nje karibu na dirisha ananoa panga.

“Leo hatusomi tu,” nikasema. “Leo tunauliza.”

“Tunamuuliza nani?” akasema jirani mmoja mcheshi.

“Kitabu.”

“Na kikijibu si tutakimbia?” Nyumba nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nikazifungua zile Injili nne moja baada ya nyingine, pale wanawake wanapokwenda kaburini asubuhi. “Huyu anasema walikuwa wawili. Huyu anasema watatu. Huyu wa mwisho anamtaja mmoja tu. Huyu anasema malaika alikuwa mmoja, amekaa juu ya jiwe. Mwenzake anasema ni kijana, amekaa ndani. Hawa wawili waliobaki wanasema ni wawili. Sasa niambieni: ingekuwa kesi ya kuku aliyeibwa, mngemfunga mtu kwa mashahidi kama hawa?”

Aki nilivyosikia raha!

Mwinjilisti akakohoa. “Dada yangu, Biblia ina nakala nyingi za kale kuliko maandishi yoyote ya zamani hizo.”

“Nakala za nini?” nikamrukia. “Ile ya kwanza, aliyoandika mwenyewe kwa mkono wake, iko wapi? Umeiona? Uongo ukinakiliwa mara elfu unakuwa uongo elfu!”

“Shetani anawapenda sana hawa watu wa Fomu Foo,” akasema, akafunga Biblia yake. Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo! Mtu anakula kuku wa kina mama kila mwezi, anaulizwa swali moja la maana, anamtaja shetani. Hata yeye sijamsamehe.

Mwaitu ndiye aliyejibu. Aliacha maharagwe.

“Mama Mwende, siku tuliyomzika baba wa hawa watoto, mimi nilimwona chifu amekuja. Huyu jirani yangu hakumwona, alikuwa jikoni na masufuria. Sasa, hatukuzika?”

“Tulizika!” kina mama wakaitikia.

“Na ukimuuliza huyu atakwambia habari ya wapishi. Ukiniuliza mimi nitakwambia habari ya wageni. Nani mwongo?”

Ndugu msomaji, hilo lilikuwa jibu. Nililijua ni jibu pale pale, lilinichoma. Na kwa sababu lilinichoma, nikasema hiki ambacho nimekuja kuungama:

“Mwaitu, haya ni mambo ya maandishi. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuwa shahidi wa kitu. Maneno yake ni upepo.”

Kule dirishani Kioko akapiga kelele, “Weee! Madam! Hebu rudia hilo!”

Na mimi, mjinga, nikarudia! Kwa sauti, kama kwenye mahafali!

Mwaitu hakunitukana. Aliichukua Biblia mapajani mwangu, akaifunga na kitambaa chake, akasema, “Chai inapoa.” Wakanywa. Alhamisi iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu chenye mgongo nikingoja watu, na hakuja mtu. Walikuwa wamehamia kwa yule jirani mcheshi. Hakuna aliyeniambia.

Kuanzia siku hiyo mimi na Mwaitu tuliongea mambo ya chumvi na kuni. Mutua alinisihi nikamwombe msamaha. “Nitaomba,” nikamwambia. Sikuomba. Kuomba msamaha kwa sababu ya kusema kweli? Ndivyo nilivyojidanganya.

Kioko naye akawa mwanafunzi wangu. Tukiwa tunachuma kahawa ananiuliza, “Madam, nipe tena yale maswali yako. La kwanza linasemaje?” Nami namfundisha! Nilifurahi kwamba kuna mtu mmoja katika boma lile mwenye akili ya kunielewa. Anarudia, namsahihisha, anarudia tena. Alikuwa na kichwa chepesi, huwezi kumnyima hilo.

Kisha Mutua akafa. Walikuwa wanachimba mchanga mtoni, ukingo ukawaangukia. Wenzake walitolewa wazima. Sitaandika zaidi hapo.

Udongo wa kaburi haujakauka, Kioko ananikuta kwenye chemchemi na mtungi wangu.

“Madam, umekaa kwetu sana. Unarudi kwenu lini?”

“Kwetu wapi? Kwangu ni hapa.”

“Kwa ndoa ipi?”

Nilidhani ni utani wa shemeji. Nikamrushia maji. Hakucheka.

“Kanisani hamkwenda,” akasema. “Kwa karani hamkwenda. Kama ni ntheo, mtaithibitisha mbele ya wazee.”

Wazee wa ukoo wakaitisha kikao. Elewa vizuri kilichokuwa mezani: ikithibitika ntheo ililetwa, mimi ni mke, na matuta yale pamoja na maji yake ni ya mtoto wangu Mwende. Isipothibitika, sisi ni wageni, na mgeni hufunga mzigo. Na usiniambie habari ya korti. Kortini hakimu naye angeniuliza hilo hilo la ntheo, na angewauliza wazee wale wale.

Baba yangu alikuja kutoka Kwa Vonza pamoja na shangazi yangu. Baba yake Mutua alikuwa ameshakufa, na rafiki ya Mutua aliyesindikiza mbuzi siku ile alikuwa Mombasa, hakuna aliyejua anafanya kazi wapi. Asubuhi kabla ya kikao baba akaniambia:

“Mama mkwe wako naye tumwite. Wale mbuzi walitoka zizini kwake, na alikuja nao kwa miguu yake.”

“Hapana, Baba.”

“Kwa nini hapana?”

“Hajui kusoma. Atachanganya mambo, atasema tofauti na nyinyi, na Kioko atamrukia. Mashahidi wakiwa wachache hawatofautiani.”

Shangazi akaguna. “Lakini ndiye aliyewaleta, mtoto.”

“Shangazi, mimi ndiye ninayejua mambo ya ushahidi!”

Na hata hiyo haikuwa kweli yote. Kweli yote ni kwamba nilimwonea aibu. Ningemwendeaje mtu niliyemwita upepo, nimwambie njoo unipulizie? Baba alinitazama sana, akasema, “Wewe ndiye umesoma.”

Kikao kilikuwa uwanjani kwa mkubwa wa ukoo, kando ya vichanja vya kukaushia kahawa. Wazee kwenye mabenchi, wanawake upande wa ghala. Mwaitu alikuja mapema na kigoda chake, akaketi mbele ya wenzake. Alikuwa amevaa leso yake ya maua mekundu, ile anayoivaa harusini. Niliiona nikajiuliza, huyu naye amejipamba kwa ajili gani?

Kioko akasimama. Sauti ya upole, kama mwana mwema.

“Mkwe wetu, heshima yako. Unasema ntheo ililetwa. Mbuzi walikuwa wangapi?”

“Wawili,” akasema baba. “Beberu mweusi, huyo tulimla. Na jike mwenye madoa, huyo akabaki.”

“Asante. Shangazi, na wewe uliwaona?”

“Nisiwaone vipi na mimi ndiye niliyewafunga kamba? Walikuwa watatu.”

“Wangapi?”

“Watatu! Masikio yako yana nta?”

“Wawili, wewe!” baba akamkaripia.

“Watatu! Wewe ulikuwa umeshika kibuyu cha pombe, ungehesabu nini?”

Watu wakaangua kicheko. Hata wazee. Mimi nilikuwa nimeshajua tunakokwenda. Njia ile niliifyeka mimi.

“Na aliyechinja ni nani?” Kioko akauliza.

“Baba yenu, marehemu,” akasema baba.

“Kijana fulani,” akasema shangazi. “Rafiki ya bwana harusi. Nilimwona na damu mpaka kwenye shati.”

Kioko akawageukia wazee, akafungua mikono. “Wazee wangu, ingekuwa kesi ya kuku aliyeibwa, mngemfunga mtu kwa mashahidi kama hawa?”

Neno kwa neno! Alikuwa amelihifadhi hata na pumzi zangu!

Akanigeukia mimi. “Madam. Wewe uliwaona hao mbuzi kwa macho yako?”

“Nilikuwa jikoni, unajua desturi.”

“Kwa hiyo uliambiwa.”

“Nilisikia mlio wao!”

“Ulisikia mlio.” Wazee wakacheka tena. “Na imeandikwa wapi?”

“Ntheo haiandikwi, Kioko! Ya nani imewahi kuandikwa? Ya mama yako imeandikwa wapi?”

“Tuko kwa yako. Haikuandikwa. Waliokuwapo hawapatani. Mwenyewe hakuona. Madam, ulinifundisha maneno kama hayo yanaitwaje?”

Akajibu mwenyewe. “Upepo.”

Yule mzee mkubwa wa kikao hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mvivu, na mvivu akipata kisingizio kilichochongwa vizuri hakiachi. Lakini alinipa nafasi, lazima niseme hivyo. “Mama Mwende,” akasema, “una shahidi mwingine?”

Nikamwona Mwaitu ananyoosha mgongo. Akaiweka leso vizuri mabegani, akashika goti kama mtu anayejiandaa kusimama. Macho yake yako kwangu, hayapepesi.

Nikawaza: huyu atasema mbuzi wanne. Huyu atanimaliza.

“Sina,” nikasema.

“Hakuna kabisa?”

“Hakuna.”

Mwaitu aliondoa mkono gotini. Akatazama chini.

Wakala nyama. Kwetu wazee wakishakula nyama ya kikao, neno limefungwa, hulifungui tena labda ukoo mzima uitwe upya, na nani angeniitia ukoo? Wakasema mashahidi hawapatani, ntheo haijaonekana, mwanamke arudi kwao na mtoto wake. Shangazi alikuwa bado anasema watatu, watatu, peke yake.

Nikaenda kwenye chemchemi. Sijui nilienda kufanya nini, maji hayabebeki mpaka Kwa Vonza. Mwaitu alikuwa pale.

“Mbuzi walikuwa wawili,” akasema, bila salamu.

“Mwaitu?”

“Wawili. Yule jike mwenye madoa alizaa njiani, tulipokaa kupumzika karibu na kwenu. Yule mchanga nilimbeba kwenye leso. Hii hii. Tulipofika shangazi yako akamfunga na mamake, akahesabu watatu. Baba yako hakumhesabu, kwa sababu ntheo haihesabu kinachonyonya. Wote wamesema kweli.”

“Na kisu?”

“Baba Mutua alikishika yeye. Alianza kukata, mkono ukatetemeka, unajua alivyokuwa mwaka ule, akampa yule kijana amalizie.”

“Kioko anajua haya?”

“Kioko ndiye aliyetuchagulia hao mbuzi zizini. Alijua jike yule ana mimba kubwa. Alisema atawafurahisha wakwe.”

Haki ya Mungu nilitaka kupanda kilima na panga! “Mbona hukusema? Ulikuwa pale! Ulinyamaza unitazame nikifukuzwa!”

Hapo naye akakasirika. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

“Uliulizwa, hukuulizwa? Uliulizwa una shahidi mwingine, ukasema huna. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilikuwa nimevaa leso nzuri. Ulitaka nivae nini zaidi ndiyo unione?”

“Mwaitu, nisamehe, twende tuwaambie sasa hivi—”

“Nyama imeliwa. Na unisikilize. Ungeniita, ningesimama niseme kweli mbele ya macho ya Kioko, na angenichukia mpaka nife, na ningesema. Lakini kusimama bila kuitwa, nimvue nguo mwanangu mbele ya ukoo? Nilikuwa na wawili. Nimebaki na mmoja. Hilo usiniombe.”

Akachukua kigoda chake akapanda njia. Nilimlaumu siku nyingi. Siku nyingine bado namlaumu. Lakini kila nikifika mwisho wa kumlaumu namkuta mwalimu wa Fomu Foo ananingoja, na nyuma ya mwalimu niko mimi, kwenye kiti chenye mgongo.

Sasa niko Kwa Vonza kwa baba. Maji tunachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, unangoja yajikusanye, unachota kwa kikombe. Mwende ananiuliza tutarudi lini kule maji yanakotoka yenyewe. Namwambia nyamaza. Mtoto wa kuuliza maswali! Ameyatoa wapi kama si kwangu?

Na ile Biblia nimeisoma tena, peke yangu, kwa hasira. Sikuisoma kwa sababu nimeokoka, usianze kushangilia. Nilitaka kujua nilikosea wapi, kama vile mtu anavyorudi kwenye hesabu aliyoanguka.

Nikafika tena pale kaburini. Wanawake wanarudi mbio na habari zao, na wale wanaume, mitume, wanaona ni maneno ya kipuuzi, hawaamini. Nikaiweka chini. Nilikuwa nimeyasoma maneno yale mbele ya kina mama sijui mara ngapi, na sikuwahi kuwaona wale wanaume. Nilikuwa mmoja wao!

Halafu nikawaza kama mtu wa kikao. Wewe ukitaka kutunga uongo mbele ya wazee wetu, utamchagua nani awe shahidi wako? Utamchagua mzee mwenye bakora, au karani. Kioko angekuwa mtungaji, asingemweka Mwaitu na leso yake mbele ya hadithi. Sasa watu wale wa zamani, ambao kwao pia mwanamke alikuwa upepo, kwa nini waliandika kwamba wa kwanza kuona walikuwa wanawake? Mwongo mwenye akili angeifuta sehemu hiyo kwanza. Aliyeiacha aliiacha kwa sababu ndivyo alivyoambiwa ilikuwa.

Na ule wingi wa nakala niliomcheka mwinjilisti? Mwalimu akiandika ubaoni na darasa zima likanakili, halafu ubao ukafutwa, huwezi kujua kilichoandikwa? Unakusanya madaftari. Huyu ameruka neno, yule ameandika vibaya, lakini hawakosei wote mahali pamoja. Unaweka hili kando ya lile, ubao unarudi. Mwinjilisti angeniambia hivyo, ningenyamaza! Lakini hakujua. Alikuwa amemeza jibu bila kulitafuna, kama mimi nilivyomeza swali.

Sisemi kila kitu mle kimethibitika. Kuna mambo mle ndani siwezi kuyaapia, na nikiulizwa nitasema siwezi. Ninachosema ni kwamba nilikuwa hakimu mbaya. Nilidhani mashahidi wakitofautiana kidogo, kilichotokea hakikutokea. Mbuzi walikuwa wawili na watatu, na ntheo yangu ililetwa, ilichinjwa, ililiwa!

Kwa hiyo nyinyi wachungaji, msimwite shetani kila mnapoulizwa. Mtoto wa shule akiuliza, kaa naye, upime naye, la sivyo atajipimia mwenyewe kwa mizani yenye kutu kama mimi. Na nyinyi wa Fomu Foo, mlioenda nyumbani likizo na maswali mawili matatu mfukoni, mnawacheka mama zenu wasiojua kusoma: ulizeni! Nani amewakataza? Lakini mkishauliza kaeni chini mngoje jibu, hata likitoka kwa mtu anayechambua maharagwe. Na msimfundishe kuuliza mtu anayeutaka ubavu wenu wa kilima.

Msiniletee amina zenu. Ila siku moja utakuwa umesimama mahali, kila kitu chako kiko mezani, na mtu atakuuliza kama una shahidi mwingine.

Usijibu haraka. Geuka kwanza utazame upande wa ghala, uone ni nani aliyekuja mapema amevaa leso yake nzuri.